Ukumbi wa Mtaa Uliogeuka Bunge

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 1950, watu walijaa katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, mashariki ya Nairobi. Mkutano ulikuwa umeitishwa kwa pamoja na Kenya African Union, chama kilichoongozwa na Jomo Kenyatta, na East African Indian National Congress, chama cha Wahindi. Shabaha yake ilikuwa kuupinga mpango wa walowezi wa Kizungu waliotaka kuendelea kuishika nchi. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kufika Nairobi akiwa bado kijana, akasimama na kutaka azimio liongezewe jambo moja: nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Azimio likapita. Wiki tatu baadaye Makhan Singh alikamatwa, na hakuachiwa mpaka Oktoba 1961.

Wanaosimulia habari hiyo huwa na haraka ya kufika kwenye kukamatwa kwake, mahali penyewe wakapataja kwa neno moja tu na kupita. Lakini mahali hapo panastahili kutazamwa. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa mali ya manispaa. Uliwekwa katikati ya nyumba za wapangaji wa manispaa, ukawa chini ya idara ya manispaa iliyoshughulikia mambo ya Waafrika. Waliouweka walitaka mfanyakazi akitoka kazini apate pa kunywa chai, kusoma gazeti na kucheza dansi, atulie, na akili yake iwe mbali na wachochezi. Namna ukumbi wa shabaha hiyo ulivyofika mahali pa kupitisha azimio la uhuru ni sehemu ya historia ya miji yetu ambayo haijasimuliwa vya kutosha.

Habari inaanzia Pumwani. Nairobi ilikuwa na wakazi Waafrika waliojenga nyumba zao wenyewe tangu reli ilipofika mwishoni mwa karne ya 19. Palikuwa na vijiji vya Pangani, Mombasa, Maskini na Kileleshwa, vyenye wapagazi wa zamani wa misafara, askari waliostaafu, Waswahili wa pwani, na wanawake waliotoka mashambani wakachuma mali yao na kujenga vyumba vya kupangisha. Wakuu wa mji hawakuvipenda vijiji hivyo. Waliamua kuwakusanya wakazi wake mahali pamoja, wakapima viwanja Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani iliendelea kusimama hadi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa watu wake wakahamishiwa nyumba mpya za Shauri Moyo.

Pumwani ndiko ulikojengwa Pumwani Memorial Hall katika miaka hiyo ya 1920, na ndio ukumbi uliowapa wakazi Waafrika wa Nairobi kielelezo cha kwanza cha jengo la jamii. Palikuwa na dansi, mikutano ya vyama vya kuzikana, na mashindano ya kila aina. Fedha za huduma kama hizo zilitoka wapi? Mwaka 1922 manispaa ilifungua kilabu chake cha pombe huko Pumwani, ikajipa peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji mjini. Faida iliingia katika mfuko maalumu wa Waafrika, na mfuko huo ndio uliogharimia mambo ya ustawi wao. Wakati huohuo wanawake waliopika pombe majumbani walikuwa wakivamiwa na polisi, wanamwagiwa pombe yao, wanatozwa faini. Kwa hiyo mkazi aliyeingia katika ukumbi wa manispaa alikuwa ameulipia kwa senti zake za bilauri, na jirani yake mpika pombe alikuwa ameulipia zaidi. Hakuna aliyewafadhili watu wa Pumwani.

Ni kosa pia kudhani kwamba kabla ya kumbi hizo watu wa mijini walikuwa hawana pa kukutania wala utaratibu wa kukutana. Miji ya pwani ilikuwa na baraza za nje ya nyumba, mikahawa, misikiti na vyama vya ngoma. Beni, ngoma iliyochipuka Lamu na Mombasa miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za tarumbeta za kijeshi, ilikuwa na pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na wakuu wake wenye vyeo, sare, michango, na wajibu wa kumwuguza mgonjwa na kumzika maiti. Vita vya kwanza vya dunia viliisambaza beni bara yote, mpaka Kongo. Dar es Salaam ilikuja kupata vyama vya mpira ambavyo vilikuwa zaidi ya mpira. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mahasimu wao, ambao leo ni Simba, mwaka 1936. Makao ya klabu hizo Kariakoo yakawa mahali pa kupeana habari za kazi, za misiba na za siasa. Mkoloni alipoleta ukumbi wake aliwakuta watu wenye makatibu, waweka hazina, daftari za michango na uzoefu wa kuchagua viongozi. Walichokosa ni paa kubwa.

Paa lenyewe lilikuja kwa wingi baada ya vita vya pili. Mawazo yalitoka Uingereza. Mwaka 1884 kasisi Samuel Barnett alikuwa amefungua Toynbee Hall mashariki mwa London, ambako wasomi wa vyuo vikuu walikaa katikati ya maskini na kuendesha madarasa na vilabu. Miaka mitano baadaye Jane Addams akaanzisha Hull House huko Chicago. Kufikia miaka ya 1930 mitaa mipya ya wafanyakazi wa Uingereza ilikuwa ikijengewa ukumbi wa jamii, na maofisa wa ustawi walioletwa Afrika Mashariki walifika na kielelezo hicho kichwani.

Lakini hofu ilichangia kuliko mawazo. Mombasa iligoma mwaka 1939, ikagoma tena Januari 1947, na safari hiyo ya pili wafanyakazi walikutana kila siku katika kiwanja cha mpira cha Kiziwi, Majengo, wakasimamisha bandari na reli. Makumi ya maelfu ya vijana walikuwa wamerudi kutoka Burma na Uhabeshi. Walikuwa wamejifunza udereva, uashi na simu za upepo, na wengi hawakutaka kurudi kuchunga. Serikali ya Uingereza ilikuwa imepitisha mwaka 1940 sheria ya fedha za maendeleo na ustawi wa makoloni, na sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye kumbi, vituo vya ustawi na nyumba za mijini. Maofisa walieleza wazi katika ripoti zao kwamba askari aliyerudi anahitaji shughuli ya jioni. Asipopewa, ataitafuta mwenyewe.

Kaloleni ilijengwa katika hali hiyo, miaka ya 1940, sehemu ya kazi ikifanywa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Mitaa ya awali ya Waafrika ilikuwa ya vyumba vya makapera, kwa kuwa sera ilimhesabu mfanyakazi kuwa mgeni atakayerudi kwao. Kaloleni ilikuwa ya familia. Ramani yake ilifuata mtindo wa mtaa wa bustani: nyumba za mawe zimezungushwa, viwanja vya majani vimeachwa katikati, na kwenye kiini chake ukumbi, kliniki, shule ya watoto wadogo na maduka. Mama akitoka kliniki na mtoto mgongoni alipita mlangoni mwa ukumbi. Kijana aliyekwenda kiwanjani kucheza mpira alipita hapohapo. Mchoraji hakuwa na nia ya kuunda uwanja wa siasa, lakini aliliweka jengo moja kubwa mahali ambapo njia zote za mtaa zilikutana.

Aliyesimamia mambo ya Waafrika wa Nairobi kuanzia mwaka 1945 alikuwa Tom Askwith, Mwingereza aliyepiga makasia kwa ajili ya nchi yake katika Olimpiki za 1932 na 1936. Askwith aliamini kwa dhati kwamba watu wa rangi mbalimbali wanaweza kukaa meza moja, na mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa United Kenya Club, klabu ya kwanza Nairobi iliyowapokea Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja. Baadaye alisimamia idara ya maendeleo ya jamii, na wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952 kupambana na wapiganaji wa Mau Mau, alikabidhiwa mpango wa kuwarekebisha wafungwa wa kundi hilo. Alipolalamikia ukatili uliokuwa ukitendwa kambini, aliondolewa katika kazi hiyo mwaka 1957. Mtu kama yeye anasaidia kueleza kwa nini kumbi za wakati huo hazikuwa magereza yenye chai. Ndani ya mfumo uliotaka kutuliza walikuwapo watumishi waliotaka kujenga.

Na kazi ya kawaida ya ukumbi ilikuwa njema, hilo lisemwe bila kusita. Jioni palikuwa na masomo ya Kiingereza na hesabu kwa watu wazima waliokosa shule. Palikuwa na meza ya magazeti, drafti, redio yenye kipaza sauti kwa wasiokuwa na redio nyumbani, na sinema ya mara mojamoja. Jumamosi ilikuwa ya dansi, na bendi zilizochanganya gitaa za Kongo na midundo ya Kuba ziliwapata wasikilizaji wao wa kwanza katika kumbi kama hizo. Ndondi zilishika mizizi Pumwani, Kaloleni na Muthurwa, na kwa miongo mingi mitaa hiyo ya Eastlands, mashariki ya jiji, ndiyo iliyoilisha timu ya taifa ya Kenya mabondia. Harusi zilifungwa hapo, matanga yakachangiwa hapo.

Wanawake walikuwa na historia yao humo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952 chini ya mwavuli wa idara ya maendeleo ya jamii, na vikundi vyake vilifundishwa kushona, kufuma, kupika na kulea. Wakati wa hali ya hatari serikali ilivitumia kuwavuta wanawake wa Kikuyu wasiwasaidie wapiganaji, na kumbukumbu hiyo ilibaki chungu kwa wengi. Hata hivyo vikundi vilidumu kuliko sababu za waliovianzisha. Mwanamke aliyejifunza kuitisha kikao, kuandika muhtasari na kutunza fedha za watu hakuacha ujuzi huo kwenye kitambaa alichokuwa akikishona.

Hapo ndipo inapoeleweka ile Jumapili ya 1950. Chini ya mwezi mmoja kabla yake, tarehe 30 Machi, Nairobi ilitangazwa kuwa jiji kwa hati ya mfalme, kukawa na sherehe kubwa. East African Trades Union Congress, iliyoongozwa na Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh akiwa katibu mkuu, iliwataka wafanyakazi wazisusie. Jiji la nani, waliuliza, wakati anayelibeba mabegani hana kura ndani yake? Watu walihitaji mahali pa kukaa waendeleze swali hilo. Mikutano ya hadhara ilihitaji kibali na ilizungukwa na askari. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa na viti, ulijulikana na kila mtu, na mtu akionekana akielekea huko hakuna aliyejua kama anakwenda kwenye siasa au kwenye darasa la Kiingereza. Si ajabu ulikuja kuitwa bunge la Waafrika. Kubai na Makhan Singh walipokamatwa tarehe 15 Mei, Nairobi iligoma kwa zaidi ya wiki, na mitaa ya Eastlands ndiyo iliyokuwa moyo wa mgomo.

Yaliyofuata yaliitikisa Kaloleni na majirani zake. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya African Union na aliyepingana na njia ya silaha, aliuawa mwezi uliofuata. Diwani Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Majina yao yakapewa mitaa mipya ya manispaa, Mbotela na Ofafa, na mitaa hiyo nayo ikajengewa kumbi. Aprili 1954 operesheni iliyoitwa Anvil iliisomba Nairobi nzima, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku, na viliporuhusiwa tena mwaka 1955 viliruhusiwa kwa ngazi ya wilaya tu. Sharti hilo lilirudisha siasa palepale, mtaani. Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji na aliyeijua mitaa hiyo nyumba kwa nyumba, alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika uchaguzi wa Machi 1957, kisha akaunda Nairobi People's Convention Party. Kilikuwa chama cha jiji, cha kadi, cha matawi ya mitaa. Nguvu zake zilitokana na mambo madogo ya mtaa: kodi ya nyumba, maji, nauli ya basi.

Dar es Salaam ina ukumbi wake wa namna hiyo, na hadithi yake inafanana na ya Kaloleni kiasi cha kushangaza. Watawala waliugawa mji kwa kanda: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha ukanda mtupu, Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kandokando ya ukanda huo, ulijengwa ukumbi wa jamii kwa msaada wa tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, George Arnautoglu, na jina lake likabaki hapo. Watu wa Dar walilitamka kwa ulimi wao, Anatoglo, na wanaendelea kulitamka hivyo hata sasa.

Wateja wa kwanza wa Arnautoglu walikuwa makarani, walimu na madereva wa serikali. Wengi wao walikuwa pia wanachama wa Tanganyika African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929 na kilichokuwa na ofisi hatua chache tu kutoka hapo, New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Kwa mujibu wa mwanahistoria Mohamed Said, ni katika ukumbi huo, tarehe 17 Aprili 1953, ambapo chama kilifanya uchaguzi na Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyerejea kutoka Edinburgh miezi michache kabla, akachaguliwa kuwa rais badala ya Abdulwahid Sykes. Miezi kumi na mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa.

Ukitembea kutoka ukumbini hadi Mtaa wa Lumumba unaona mambo hayo yalivyokaribiana. Nyerere aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa Machi 1955, TANU ilifanya mkutano wake mkubwa hapo Mnazi Mmoja, katika kiwanja kilichoachwa wazi ili watu wasichanganyike. Umati ulipokuwa mdogo ulitosha ukumbini, ulipokua ulimwagika nje, na umbali kati ya hapo na pale ni wa kuita mtu akasikia. Wanawake wa lelemama, ngoma ya wanawake, akiwamo Bibi Titi Mohamed wa kikundi cha Bomba, walikuwa na mtandao wa vyama vilivyoujaza mji mzima, na mwaka huohuo wa 1955 Bibi Titi alikabidhiwa uongozi wa tawi la wanawake la TANU. Barabara inayopita Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake.

Ukumbi wa tatu ni Raha Leo ya Unguja, na ndio wenye mwisho mkali kuliko zote. Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, palikuwa pa wakazi wengi wa mji, na serikali ilipatazama kama mahali pa fujo tangu wakazi walipogomea kodi za viwanja mwaka 1928. Eric Dutton, katibu mkuu wa serikali tangu mwaka 1942, alikuwa na shauku kubwa ya kupanga miji. Alikuwa ameshiriki katika upangaji wa Lusaka, na Unguja alitaka kuijenga upya Ng'ambo kwa mpango wa miaka kumi. Kitovu cha mpango wake kilikuwa kituo cha jamii cha Raha Leo, kilichofunguliwa mwaka 1947. Mwaka uliofuata makuli wa bandari walianzisha mgomo uliosimamisha mji wote. Jengo zuri halikuwa limegusa ujira wao.

Mwaka 1951 Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo, na studio zikawekwa Raha Leo. Taarabu, habari, mawaidha na maelezo ya kilimo yakatoka katika ukumbi wa mtaa kwenda kisiwa kizima. Alfajiri ya Jumapili tarehe 12 Januari 1964, waasi wa Mapinduzi ya Zanzibar walipokwisha kuteka ghala za silaha za polisi, Raha Leo ilikuwa miongoni mwa mahali walipokimbilia kwanza. John Okello, mmoja wa viongozi wao, alitangaza kutoka hapo, na kwa siku kadhaa kituo hicho kikawa makao ya mapinduzi. Watu walikusanywa hapo, amri zikatoka hapo, na familia nyingi za Unguja zina kumbukumbu za majonzi ya siku hizo zisizopaswa kupitwa kwa haraka. Jengo la Dutton lilifanya kazi kama alivyokusudia, kuwa kitovu cha Ng'ambo. Lilimfanyia kazi hiyo kila aliyelishika.

Ukizilinganisha kumbi hizi tatu, sababu zinajitokeza. Zote zilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu asiyekuwa na nauli. Zilikodishwa kwa bei ambayo chama cha kuzikana kingeweza kuimudu. Zilikuwa wazi usiku, saa ambayo mfanyakazi ni bwana wa muda wake. Na zilikuwa za watu wote, hazikumdai mtu kabila, dini wala kisomo. Msikiti ulikuwa na waumini wake, chama cha kabila kilikuwa na watu wake, kilabu cha pombe kilikuwa na walevi wake. Ukumbini Mluo wa reli, Mkamba wa karakana, Msikh wa chama cha wafanyakazi na Mswahili wa Pumwani walikaa kwenye benchi moja, wakazungumza Kiswahili, wakatoka na neno moja. Mkoloni aliyeogopa umoja huo ndiye aliyeukatia kiwanja.

Baada ya uhuru, serikali mpya zilizirithi kumbi na kuzipa kazi nyingine. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kote nchini watu wenye mvi walishika kalamu katika vituo vya jamii, madarasa, ofisi za chama na chini ya miembe. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hicho ndicho kituo cha jamii kikiwa katika ubora wake, watu wanajifunza jambo jioni na kulitenda asubuhi.

Nairobi ilikuwa na njia ngumu zaidi. Kumbi ziliachwa chini ya halmashauri ya jiji, na halmashauri yenyewe ikavunjwa mwaka 1983, jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa mpaka mwaka 1992. Katika miaka hiyo na iliyofuata, mabati yalitoboka, vyoo vikafungwa, na viwanja vya wazi vya mitaa vikaanza kupata wenyewe wasiojulikana na majirani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotoka mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini Kenya, zikiwamo sehemu zilizotengewa huduma za jamii, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mtaa ukinyang'anywa kiwanja chake, watoto huhamia barabarani na wazee huhamia ndani. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za jiji, lakini iko.

Kaloleni imepona kwa sehemu. Kando ya ukumbi kuna tawi la maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931 na ambayo kwa miongo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Tangu mwaka 2018 taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imekuwa ikishirikiana na kaunti ya Nairobi kuzifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kaloleni ilifunguliwa upya mwaka 2020 baada ya wakazi kuulizwa wanataka maktaba ya namna gani, na watoto wa mtaa ndio wateja wake wakubwa.

Wakati huohuo jiji lina mpango wa kuibomoa mitaa ya zamani ya Eastlands na kujenga maghorofa, na kazi imekwisha kuanza katika mtaa wa sasa wa Pangani. Nyumba zinahitajika, hakuna anayebisha. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 zinataka wananchi washirikishwe kabla ya miradi ya aina hiyo, na vikao vya kushirikishwa mara nyingi hufanywa katika kumbi hizihizi. Wakazi wakiwekewa ramani mbele yao, wana haki ya kudai waonyeshwe ukumbi umechorwa wapi, funguo zake zitashikwa na ofisi ya umma au na kampuni ya mjenzi, na kama kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kitaweza kulipa kodi yake ya jioni moja.